Kutoka kwenye kinundu hadi kwenye jina: jinsi ya kutambua bakteria wapya wa mizizi ya mikunde ya asili

Kila masika yanapoishia, maswali huanza kumiminika, na ni yale yale. "Nimechimba mjohoro mzima sioni kinundu hata kimoja, nakosea wapi?" "Koloni zangu zimeota kwa siku moja tu, si ni nzuri?" Na lile linalopendwa kuliko yote: "16S yangu imefanana asilimia 99 na bakteria fulani, je, nimepata spishi mpya?" (16S ni jeni inayotumiwa kutambua bakteria; koloni ni kundi la bakteria linaloota pamoja kwenye sahani.) Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio.

Nadharia utakayohitaji ni fupi. Mimea mingi ya jamii ya mikunde hualika bakteria kwenye mizizi yake, ikawajengea vinundu, ikawalisha sukari, nao wakailipa kwa naitrojeni waliyoitoa hewani. Bakteria hao kwa ujumla tunawaita raizobia, lakini hawatoki ukoo mmoja: wamo Rhizobium, Bradyrhizobium, Mesorhizobium, Ensifer, Paraburkholderia na wengine. Waliochunguzwa sana ni wale wa soya, maharage na karanga. Wa mpingo, mninga, migunga, utupa, marejea ya porini na kunde mwitu bado hawajachunguzwa vya kutosha, na ndiyo maana kazi hii inavutia.

Ila anza ukiwa na shaka. Jaribu kwa kila njia kuonyesha kwamba ulichoshika ni uchafu, au ni bakteria mwenye jina tayari. Ukishindwa mara zote, hapo ndipo tukae tuzungumze habari ya spishi mpya.

Kabla hujaanza

Vibali kwanza, kabla hata ya jembe. Tanzania utapitia COSTECH, Kenya utapitia NACOSTI, ndizo tume za sayansi zinazotoa vibali vya utafiti, na msitu wa hifadhi una wenyewe wa kuombwa ruhusa. Soma pia masharti ya Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za viumbe vya nchi, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014. Watu huliruka hili wakidhani ni makaratasi tu. Siku ukitaka kumpa bakteria jina, utatakiwa kumweka kwenye benki za vimelea zinazomgawa kwa mtafiti yeyote bila kizuizi. Kibali chako kikikataza hilo, kazi ya miaka mitatu inakwama mlangoni.

Vya porini: jembe dogo, panga, ndoo, mifuko ya karatasi, vichupa vyenye silika jeli chini na pamba juu yake, simu yenye GPS, magazeti ya kukaushia sampuli ya mmea, daftari na penseli. Nasema penseli kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ukiguswa na spiriti.

Vya maabara: spiriti ya asilimia 95, jiki, maji safi yaliyopikwa kwenye otoklevu, vibanio, lupu (waya wenye kitanzi wa kuchotea bakteria), taa ya spiriti, sahani za petri, inkubeta ya nyuzi 28, hadubini, friji, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kama unaweza kuipata. Presha kuka kubwa ya jikoni hufanya kazi ya otoklevu vizuri tu kwa mchuzi na agari (vyakula vya bakteria, cha majimaji na cha kuganda), mradi ifike presha na ikae dakika 20.

Chakula cha bakteria ni agari ya mannitoli na dondoo ya hamira, ambayo wengi tunaiita YEMA. Kwa lita 1 ya maji: mannitoli gramu 10, dondoo ya hamira gramu 0.5, K2HPO4 gramu 0.5, magnesi salfeti gramu 0.2, chumvi gramu 0.1, agari gramu 15. Rekebisha pH ifike 6.8 kabla ya kuweka agari. Tengeneza mafungu mawili: moja lenye rangi ya kongo redi miligramu 25 kwa lita, jingine lenye bromothaimoli bluu miligramu 25 kwa lita. Kila rangi ina kazi yake, tutaifikia.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha mmea wako ni wa kutoa vinundu. Si kila mkunde una vinundu. Mkwaju hauna. Mjohoro hauna, uchimbe hadi upate maji. Mkongo hauna, na hata miti ya jenasi Brachystegia, yenyewe inayoupa msitu wa miombo sura yake, huishi kwa msaada wa kuvu wa mizizini badala ya vinundu. Ukiwa kwenye miombo angalia chini: marejea, utupa, kunde mwitu, vichaka vya Indigofera, na miche michanga ya mninga. Kama hujui mmea, kata tawi lenye ua au tunda, likaushe kwenye gazeti, lipeleke kwa mtaalamu wa mimea. Bakteria asiyejulikana ametoka mmea gani ana thamani ndogo sana.

2. Chimba, usivute. Wakati mzuri ni wiki 6 hadi 8 baada ya mvua kushika, mmea ukikaribia kutoa maua. Chimba duara la sentimita 15 kuzunguka shina, ingia chini kiasi hicho hicho, inua bonge zima la udongo na ulilaze ndani ya ndoo ya maji. Udongo ulegee wenyewe. Anayevuta mmea kwa mkono hubaki na mzizi mkuu, na vinundu vyote ameviacha ardhini.

Mti mkubwa usihangaike nao. Tafuta miche iliyo chini yake. Ikikosekana, chukua udongo kilo mbili tatu, weka kwenye vyungu, panda mbegu za mti huo huo na usubiri. Tunauita mtego, na kwa mpingo na migunga ndio umenipa vinundu vingi kuliko jembe.

Hapa kuna kosa la kawaida: kuokota uvimbe wa minyoo fundo ukidhani ni kinundu. Kinundu hukaa ubavuni mwa mzizi, na ukikisukuma kwa kucha kinabanduka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, haubanduki bila kukata mzizi. Kisha pasua kinundu kimoja kwa wembe. Kikiwa chekundu ndani kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Cha kijani au kahawia kimezeeka, na cheupe bado kichanga au kina bakteria wavivu. Chukua vyekundu.

3. Kausha na uandike. Kata kipande kidogo cha mzizi kila upande wa kinundu, kiwe mpini wa kukishikia. Ukifika maabara siku hiyo hiyo, friji inatosha. Kama safari ni ndefu, weka vinundu kwenye vichupa vya silika jeli. Vitakaa miezi kadhaa. Andika mahali, tarehe, jina la mmea, udongo ulivyo, na kama kuna shamba la soya au karanga jirani ambalo huenda limewahi kuwekewa bakteria wa dukani. Na tafadhali usivitumie vyote. Bakiza vinundu vitano kwa kila mmea na uvisahau humo ndani.

4. Ua kila kitu kilicho nje ya kinundu. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi na mchezo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kinundu kikavu kiloweke kwenye maji safi usiku kucha ndani ya friji; kibichi hakihitaji. Kisha kitumbukize kwenye spiriti kwa sekunde 30, ili kuondoa mapovu ya hewa yanayong'ang'ania ngozi yake. Kitoe, kiingize kwenye jiki iliyozimuliwa ifike asilimia 2.5 hadi 3 ya hipokloraiti, dakika 2 hadi 4. Kinundu kidogo kama punje ya ulezi kipe dakika moja na nusu, la sivyo dawa itapenya na kuua hata unaowatafuta. Soma nguvu ya jiki kwenye lebo, na usitumie chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana, kwa kuwa inapoteza nguvu kimya kimya. Baada ya hapo suuza kwa maji yaliyopikwa mara sita, kila mara kwenye chombo kipya, ukibadilisha na kibanio.

Sasa jambo ambalo wanafunzi wengi hawalifanyi. Chukua mikrolita 100 za maji ya kusuuzia mara ya sita, zitandaze kwenye YEMA. Chukua na kinundu chenyewe, kabla hujakiponda, ukiviringishe juu ya sahani nyingine. Sahani hizo mbili zikiota kitu chochote, bakteria waliotoka kwenye kinundu hicho hawaaminiki, na unaanza upya.

Mimi nilijifunza kwa gharama. Nilikuwa na isoleti (bakteria aliyetengwa peke yake) moja nzuri kutoka kwenye utupa, nyeupe, inang'aa, na 16S yake haikufanana sawasawa na kitu chochote. Miezi mitatu nilitembea kifua mbele. Baadaye mwenzangu aliniuliza kwa upole kama nilipima maji ya mwisho. Tulipopima, bakteria yule alikuwa akiishi kwenye dumu la maji ya maabara.

5. Ponda na uchore. Weka kinundu kwenye tone la maji safi, kiponde kwa ncha ya kijiti cha kioo hadi maji yawe na utusitusi wa maziwa. Chovya lupu, uchore kwenye YEMA yenye kongo redi kwa mistari inayopungua, ili mwishoni upate koloni moja moja. Funga sahani kwa ukanda wa plastiki, igeuze juu chini, iweke gizani kwa nyuzi 28. Giza ni la lazima: kwenye mwanga hata raizobia hunywa kongo redi, na alama yako ya kutofautisha inapotea.

6. Soma koloni kwa subira. Raizobia wengi hubaki weupe, wa maziwa, au na uwaridi hafifu kwenye kongo redi, ilhali wageni wengi huwa wekundu. Alama hii inakuongoza tu, haihukumu. Agrobacterium, kwa mfano, hupenda sana kukaa ndani ya vinundu na anafanana na Rhizobium kama pacha.

Angalia siku. Kilichoota kikubwa ndani ya saa 24 kitilie shaka. Wenye mbio, kama Rhizobium na Ensifer, huonekana siku ya 3 hadi ya 5, na kwenye bromothaimoli bluu hugeuza sahani kuwa njano kwa sababu wanatoa asidi. Wataratibu, yaani Bradyrhizobium, huchukua siku 5 hadi 7 au zaidi, koloni zao huwa ndogo chini ya milimita 1, na sahani hugeuka bluu. Mikunde mingi ya porini ya ukanda wetu hukaa na hawa wataratibu. Kwa hiyo mwaga agari nene, mililita 25 kwa sahani, isikauke, na usitupe sahani yoyote kabla ya siku 14. Spishi ngapi zimeishia kwenye pipa la taka siku ya nne, Mungu ndiye ajuaye.

Chora upya koloni moja mara tatu au nne hadi zote zifanane. Paka rangi ya Gram: utafute vijiti vifupi vya Gram hasi visivyo na spora. Ukiona spora, hao ni Bacillus. Mara tu isoleti ikiwa safi, ichanganye na gliseroli ya asilimia 20 hadi 25 na kuigandisha, vichupa visivyopungua vitatu, kwenye friza mbili tofauti.

7. Mrudishe kwenye mmea. Bakteria aliyetoka ndani ya kinundu si lazima awe ndiye aliyekijenga. Wamo wapangaji wengi. Atajenga kinundu kwenye mmea msafi, au hatajenga.

Mbegu za mikunde ya porini zina ganda gumu. Usikimbilie asidi ya salfa. Kikata kucha kinatosha: ng'ata ganda kidogo upande wa pili wa jicho la mbegu, uone weupe wa ndani, basi. Osha kwa spiriti na jiki kama ulivyoosha kinundu, suuza, otesha kwenye agari ya maji, kisha hamishia kwenye chupa ya Leonard. Hiyo ni chupa iliyokatwa kitako na kupinduliwa juu ya mtungi, ndani ina mchanga wa mto uliooshwa, na utambi wa pamba unanyonya kutoka mtungini mchuzi wa madini yote isipokuwa naitrojeni. Tumia chupa za kioo. Za soda za plastiki huyeyuka kwenye otoklevu.

Mpe kila mche mililita 1 ya mchuzi wa bakteria. Panda na makundi mawili ya kulinganishia: lisilopewa kitu, na lililopewa naitrojeni ya potasiamu naitreti asilimia 0.05. Kundi lisilopewa kitu lisiwe na hata kinundu kimoja. Mimea midogo ifumue baada ya wiki 4 hadi 6, miti ngoja wiki 8 hadi 12. Mbegu za mmea wa asili zikikosekana, tumia siratro (mkunde wa malisho) au kunde, kwa kuwa hazichagui sana wageni. Vinundu vikipatikana, toa bakteria tena na uhakikishe ni yule yule.

8. Soma 16S, lakini usiiabudu. Toa DNA, kuza jeni ya 16S kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) 27F na 1492R, upate kipande cha herufi kama 1,450, kisomwe pande zote mbili. Linganisha na isoleti mama (vielelezo) za spishi zilizotajwa rasmi, kwa mfano kwenye hifadhidata ya EzBioCloud. Ukilinganisha na kila kilichowekwa GenBank, hifadhidata ya wote, utauziwa mbuzi kwenye gunia, maana majina mengi kule yamewekwa na watu wenye haraka kama sisi.

Ukifanana na jamaa wa karibu chini ya asilimia 98.7, kuna dalili njema. Ukiwa juu ya hapo, 16S haikuambii kitu, hasa kwa Bradyrhizobium, ambao spishi tofauti hufanana zaidi ya asilimia 99. Bakteria maarufu wa soya, USDA 110, aliitwa Bradyrhizobium japonicum miaka mingi, na jenomu yake nzima, yaani DNA yake yote, ilisomwa 2002 akiwa na jina hilo. Mwaka 2013 ndipo yeye na wenzake walipotengwa na kuitwa Bradyrhizobium diazoefficiens. Kwa hiyo asilimia 99 yako haijasema ndiyo wala hapana.

9. Ongeza jeni za nyumbani. Ni jeni za kazi za kila siku za seli. Soma recA, glnII, atpD, gyrB au rpoB, angalau tatu, uziunganishe na kuchora mti wa ukoo pamoja na isoleti mama zote za jenasi hiyo. Isoleti zako zikikaa kwenye tawi lao peke yao, tena kwa jeni zote, endelea.

Soma pia nodC (ya kujenga vinundu) na nifH (ya kunasa naitrojeni), ila usizitumie kutoa jina. Jeni za kujenga vinundu huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kule New Zealand watafiti walionyesha mwaka 1995 kwamba Mesorhizobium wa dukani waliowekwa kwenye shamba la Lotus waliwapa bakteria wenyeji jeni hizo, na wenyeji wakaanza kujenga vinundu. Zinakueleza bakteria anaelewana na mmea gani. Ukoo wake zinaweza kukudanganya.

10. Jenomu nzima. Siku hizi hakuna spishi bila hii. Tuma DNA safi isomwe, kagua uchafu kwa programu ya CheckM, kisha pima wastani wa ufanano wa jenomu, yaani ANI, na isoleti mama za karibu. Chini ya asilimia 95 hadi 96 ni spishi nyingine. Kipimo cha pili ni dDDH, njia nyingine ya kulinganisha jenomu kwa kompyuta, ambacho mstari wake ni asilimia 70, na tovuti ya TYGS inakufanyia bure. Vipimo viwili vikikubaliana, na una isoleti zaidi ya moja kutoka mimea au maeneo tofauti, shaka yako imeshindwa kihalali.

11. Jina. Weka isoleti mama kwenye benki mbili za vimelea katika nchi mbili tofauti, pata vyeti, chapisha maelezo kwenye IJSEM, jarida rasmi la majina ya bakteria, au penginepo kisha uombe jina lithibitishwe humo. Tangu 2022 ipo pia njia ya SeqCode, kanuni nyingine ya kutoa majina, inayokubali jenomu kuwa kielelezo. Jina huandikwa kwa sarufi ya Kilatini, na mahali hupendeza: Sinorhizobium kostiense, ambaye kwa miaka mingi wengi walimweka kwenye Ensifer, alitajwa 1999 kwa mji wa Kosti, Sudani. Mesorhizobium hawassense wa miti ya Ethiopia anabeba jina la Hawassa. Bradyrhizobium kavangense alitoka kwenye kunde za Kavango, Namibia. Jina lako mwenyewe usiliweke.

Mambo yakienda kombo

*Sahani haikuota kitu kabisa.* Jiki ilikaa muda mrefu, au kinundu kilikuwa kimezeeka. Punguza dakika, chagua chekundu. Kama koloni hazijaonekana siku ya 7, ngoja kabla ya kulaumu.

*Sahani zote zimefunikwa na kitu kimoja kinachotambaa.* Mara nyingi ni Bacillus. Pasha mchuzi wake nyuzi 80 kwa dakika 10, uchore tena, akiota, umemjua. Rudi hatua ya 4.

*Isoleti ni safi, inafanana na raizobia, lakini haijengi vinundu.* Huenda ni mpangaji, huenda amepoteza jeni zake kwa kuchorwa mara nyingi mno. Jaribu chupa ya kwanza uliyogandisha, kisha jaribu mmea wa asili badala ya siratro.

*Mimea isiyopewa bakteria imetoa vinundu.* Jaribio lote limeharibika, hata kama vinundu ni viwili tu. Tazama mchanga, tazama maji, tazama pia anayemwagilia: akianzia na mimea iliyopewa bakteria halafu akaenda kwa ile misafi, mikono yake ndiyo iliyowabeba. Amwagilie kinyume chake.

*Praima za nodC hazitoi kitu.* Jeni hii hutofautiana sana kati ya koo, na praima zilizotengenezwa kwa bakteria wa maharage hushindwa kwa wa porini. Kuna hata Bradyrhizobium wa mimea ya Aeschynomene wanaojenga vinundu bila kuwa na nodC. Subiri jenomu.

*Umeme ulikatika wiki nzima na friza ikayeyuka.* Fungua kile kichupa cha silika jeli chenye vinundu vitano, viloweke usiku kucha, uanze hatua ya 4.